Ukungu Uliompiga Dada Yangu

Wajukuu wangu wameniuliza kama ni kweli kuna ukungu, huu wa kuvu, unaoweza kumwingia mtu kichwani na kumwendesha upendavyo wenyewe. Wameona mambo hayo kwenye simu na yamewanyima usingizi. Niliwaambia swali hilo lilishaulizwa kwetu, katika banda la kukaushia maua ya pareto, juu huko Bahati, katika ile miaka ya Hali ya Hatari, wakati wa mkoloni, na aliyekuwa akingojea jibu ni dada yangu, jicho moja limevimba mpaka likafumba. Walicheka wakarudi kwenye simu zao. Basi naandika, atakayetaka atasoma.

Tuliishi kwenye shamba la mzungu, mama, dada mkubwa na mimi. Baba alikuwa amechukuliwa akawekwa kizuizini, na hatukujua wapi. Dada alikuwa ameolewa palepale shambani na dereva wa trekta, na dereva wa trekta wakati ule alikuwa mtu. Alivaa koti la kaki lenye mifuko minne na watoto walimkimbilia akipita. Mimi pia nilimpenda shemeji yangu. Alikuwa na sauti ya taratibu na hakusahau kusalimu.

Kupigwa kulikuwa jambo la kila siku. Nyapara alitupiga na kiboko miguuni tukichuma maua yaliyopita umri. Wanaume walipelekwa kuhojiwa wakarudi bila meno, wengine hawakurudi. Nilimwona askari akimkanyaga mzee wa kanisa shingoni kwa sababu kipande chake cha utambulisho kilikuwa kimelowa na hakisomeki. Kwa hiyo dada alipokuja kisimani na mdomo umepasuka, wanawake walimpisha achote kwanza, wakaendelea na mazungumzo yao.

Siku moja mchana nilimpelekea dada unga, nikamkuta na mtoto wake mchanga. Shemeji aliingia kutoka kazini, akanisalimu, akauliza habari za mama. Kisha akavua koti lake akalitundika kwenye msumari, akakunja mikono ya shati, upande mmoja, halafu wa pili.

"Shemeji," akaniambia, "chukua mtoto, toka nje kidogo."

Nilitoka. Mlango ukafungwa kwa ndani, na nikaanza kusikia. Dada hakupiga kelele, nilisikia tu pumzi yake ikikatika kila ngumi ilipotua. Mara gari la mzungu likaja polepole kwenye barabara ya mbele ya nyumba zetu. Ndani kukawa kimya. Mzungu akasimama kumwuliza nyapara jambo fulani, wakaongea, akaondoka. Vumbi lilipotulia, ngumi zikaanza tena. Nilikuwa nimembeba mtoto, na ningekuwa na panga siku ile nisingekuwa hapa naandika.

Sasa nieleze habari za panzi, maana ndipo ukungu ulipotokea.

Mvua za mwaka ule zilikuwa nyingi, na kando ya pareto nyasi zilitufika kiunoni. Asubuhi tukipita kwenda kuchuma tuliona panzi juu kabisa ya nyasi, kila mmoja amekumbatia bua kwa miguu yake, kichwa juu, amekufa. Ukimgusa haanguki. Ukimvuta, miguu inabaki kwenye bua. Tumbo lake limepasuka na ndani mna unga wa kijivu. Wanawake waliogopa. Bwana shamba alipokuja kukagua pareto, mama alimwonyesha.

"Hiyo ni ukungu, mama," akasema. "Inaingia kwa panzi, inakula yeye ndani. Ikikaribia kumaliza, inapandisha yeye juu, ndiyo upepo ipeleke mbegu yake kwa wengine. Panzi hapandi kwa kupenda. Anaamrishwa."

"Na mtu je?" mama akauliza. "Inaweza kuingia mtu?"

Bwana shamba alicheka, lakini alimjibu vizuri. Alisema mwili wa mtu ni moto mno kwa ukungu kama ule, na kwamba hata huo hauchukui kila mdudu, unamtafuta panzi tu, nyuki wanapita palepale wala hauwagusi. Alisema kuku wanawala panzi hao na hakuna kuku aliyepanda nyasi. Watu wengi walikuwa wamesimama pale wakisikiliza, na kila mmoja aliondoka na kipande alichokitaka.

Baba mdogo wa shemeji aliondoka na kile cha kuamrishwa. Dada alipokimbilia kwa mama na jicho lile, mkono hauinuki, mama aliita wazee. Kukusanyika kulikatazwa, ikabidi tuombe ruhusa kwa nyapara, akatupa banda la kukaushia pareto. Tukakaa katikati ya trei za maua, harufu inawasha pua, wazee na shemeji upande mmoja na sisi watatu upande mwingine. Mama alikuwa anaomba jambo moja tu: dada asirudishwe kule, kwa sababu akirudi atauawa. Alilisema hivyohivyo, bila kuzunguka.

Baba mdogo akasimama. Alisema kijana wao hakuwa mkorofi, wote wanamjua. Alisema tatizo ni mahindi. Yalikuwa yameota ukungu stoo, na kama desturi yetu, wanawake waliyachambua, mazuri ya kusaga, mabovu ya pombe. Hatukutupa kitu. Tuliamini kwamba kuchacha na moto wa kukaangia kimea vinaua kila ubaya. Shemeji alikuwa amekunywa pombe hiyo.

"Wazee wangu, nyinyi mliona panzi," akasema. "Mliskia bwana shamba. Kama hiyo kitu inaweza amrisha panzi, mtu aliyekunywa debe mzima itamwacha? Mkono ilikuwa yake, lakini si yeye alikuwa anapiga."

Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Niliwaona usoni, walikuwa wamefurahi. Walikuwa wamepata kitu ambacho si mtu, kitu cha kulaumu bila kukosana na jirani.

Mama alijaribu kusema habari za kuku na nyuki, wakamwambia atulie. Ndipo dada akasimama. Alisema polepole kwa sababu ya mdomo.

"Panzi hachagui nyasi," akasema. "Huyu huchagua. Anatundika koti kwanza, isichafuke. Anapiga mahali nguo inafunika, hii jicho na mdomo ni vile niligeuka. Mzungu akipita anaacha, mzungu akienda anaendelea. Hiyo ukungu inajua gari ya mzungu? Na wote mlikunywa hiyo pombe. Nani mwingine hapa amepiga bibi yake mpaka mkono haiinuki?"

Shemeji alikuwa anatazama viatu vyake. Nilidhani tumeshinda, nikamshika mama mkono.

Mzee aliyeongoza kikao akakohoa, akatoa hukumu. Magunia ya mahindi mabovu yachomwe. Shemeji anywe dawa ya kutapika. Mke arudi nyumbani kwake, kwa kuwa aliyekosa ni ukungu na ukungu utakuwa umeondoka. Magunia yalichomwa jioni ileile, watu wakasimama kutazama moshi, na shemeji akatapika mbele yao akapigwapigwa mgongoni kwa upole. Nilimchukia kila mtu aliyekuwa pale. Bado nawachukia, na wote ni marehemu.

Hazikupita wiki mbili. Jumapili baada ya kanisa nilikwenda kumwona dada. Alikuwa na alama mpya shingoni, za vidole. Shemeji alikuwa amelala kitandani na viatu vyake, amemaliza kula, mkono mmoja unaning'inia. Dada alikuwa akitwanga mahindi. Aliponiona aliweka mchi chini, akafungua kitambaa chake cha kichwani cha kanisani, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza.

"Chukua mtoto," akaniambia, "toka nje kidogo."

Nilisimama pale mlangoni nikimtazama. Akarudia, kwa sauti ileile ya taratibu ambayo sote tuliijua. Nilitoka. Mlango ukafungwa kwa ndani.

Mchi wa kutwangia ni mti mzito. Pigo la kwanza nilisikia mfupa, mlio mkavu, kisha sauti ya shemeji ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima. Yeye alipiga kelele. Majirani walitoka. Gari la mzungu halikupita, lakini hata lingepita, nadhani dada asingeacha. Mlango ulipofunguliwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, mchi magotini, na shemeji yuko sakafuni ameshika mkono uliopinda mahali pasipo na kiungo.

Wazee waliitwa siku hiyohiyo, walewale. Hawakungoja ruhusa ya banda. Walisimama uani, baba mdogo mbele kabisa.

"Mama, umefanya nini?" akamwuliza dada yule mzee aliyetoa hukumu.

"Si mimi, mzee," dada akasema. "Ni ile ukungu."

"Mahindi tulichoma."

"Ilibaki kidogo kwa kinu. Nilionja."

Baba mdogo alianza kusema kwamba huo ni uongo, mwanamke huyu alikuwa na akili zake, hata kitambaa alikikunja. Akakatika katikati ya neno, na kila mtu uani alijua kwa nini. Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa amefika, akasimama nyuma ya kigoda cha dada.

"Sasa hiyo ukungu imetoka?" mzee akauliza mwishowe, kwa sauti ya chini.

Dada alimtazama mumewe pale sakafuni, si mzee.

"Hiyo muulize yeye," akasema. "Yangu inangojea yake."

Mkono wa shemeji uliunga vibaya na hakurudi kwenye trekta. Waliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, wakazaa watoto wengine, na mchi ulisimama kando ya kitanda chao, upande wa dada. Shemeji hakumwinulia mkono tena.