Kayamba ya mutoto iliyopasuka dukani kwangu

Leo nimepata aibu mbele ya wateja wangu, hapa sokoni Kasongo.

Mama mumoja kutoka Lusangi, amepakata mutoto wake, alishika kayamba ya plastiki ninayouza.

"Ulishaipima?"

"Ndiyo, mama. Iko nguvu."

Uongo. Sijawahi kupima hata moja.

Akaivuta kidogo tu. Ikapasuka! Shanga za ndani zikamwagika, na mutoto akatia moja mudomoni. Mama akaitoa kwa kidole, mutoto analia.

Kisha akaniuliza polepole: "Papa, mutoto wako anachezea hii?"

Nyumbani nilishamukataza bibi yangu, mama ya mutoto wetu, kumupa kayamba hizi.

Jamani, kama mulinunua kayamba kwangu, muwanyang'anye watoto sasa hivi. Kunitukana, mutanitukana kisha.