Hadithi Isiyosimuliwa Mchana

Kwetu milimani hadithi za Wenyewe hazisimuliwi jua likiwa juu. Wenyewe ndio hao wakaao kwenye chemchemi. Jina lao hasa halitamkwi, na ukiwataja mchana wanadhani umewaita, wanakuja kuuliza shida yako. Mama yangu alikuwa Mkristo wa kwenda kanisani kila Jumapili na kila Alhamisi, lakini mwiko huo hakuuvunja hata siku moja.

Sasa huyo ndiye aliyejikuta na mjukuu Sydney, ambaye saa yake ya kulala, saa moja jioni, ni saa sita ya mchana kule kwa nyanya yake. Mtu mwingine angesema basi, dunia imebadilika. Mama alitafuta njia. Simu ikiita, aliingia jikoni, akafunga mlango na dirisha, akaziba uwazi wa chini ya mlango kwa gunia, akawasha koroboi. Kwa hesabu zake usiku ulikuwa umeingia. Binti yangu, wa miaka saba, naye alizima taa ya chumbani kwetu ili mambo yalingane.

"Mlango?" mama aliuliza.

"Umefungwa!" mtoto alijibu. Hilo lilikuwa mojawapo ya maneno machache aliyokubali kuyasema kwa Kiswahili. Mengine yote aliyaelewa vizuri na kuyajibu kwa Kiingereza.

"Nani amebaki nje?"

"Wenyewe!"

Hapo ndipo hadithi ilipoanza, nami nilisimama kwenye korido nikisikiliza huku nakunja sare ya kazi.

Ulikuwa mwaka wa 2021, majira ya baridi, na sisi wa upande wa magharibi wa jiji tulikuwa tumefungiwa majumbani kwa ajili ya korona kuliko wenzetu wa ufukweni. Helikopta za polisi zilizunguka juu ya mtaa wetu wa Toongabbie kana kwamba tumeiba kitu. Mimi nilikuwa na kibali cha kutoka kwa sababu kazi yangu ni kuwahudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapikia uji, kuhakikisha wamemeza dawa. Kila siku ya tatu nilichokonolewa pua kupimwa. Mtoto nilimwacha kwa jirani wa chini, mama mmoja Mrundi mwenye moyo mkubwa na sauti kubwa zaidi, aliyenipokea kila asubuhi kwa kusema, "Leta huyo mtoto, dada, wewe kimbia, usichelewe travail, kazi haingoji mtu." Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo nijitetee. Nasema kwa sababu uchovu ndio uliokuwa ukizungumza siku nilipomharibia mama yangu hadithi.

Nilipokuwa mdogo alinisimulia hadithi nyingi, lakini hiyo sikuwahi kuisikia. Mwanamke mmoja alienda chemchemi na mtoto wake wa kwanza. Akamlaza kwenye leso, akampa mgongo kidogo tu ajaze mtungi. Alipogeuka mtoto yupo, lakini si yule. Huyu kichwa kilikuwa kikubwa, macho yanatazama juu, ananyonya haishi hamu, na halii. Mama mkwe akamtazama, akasema: huyu si wetu, Wenyewe wamebadilisha. Mrudishe pale pale jua linapozama, upande mlima bila kugeuka nyuma. Usiku watamhurumia wa kwao, watamchukua, na alfajiri utamkuta wako.

Alisimulia kipande kipande, kwa juma zima. Kuna mambo aliyasema ambayo hadithi haikuyahitaji. Leso ilikuwa ya kahawia yenye pindo jekundu. Majani ya pale yalikuwa yamekatwa siku hiyo, yananukia. Mwanamke alivaa kandambili, moja ikakatika, akaiacha. Jioni ya mwisho mwanamke alikuwa amemlaza mtoto na kuanza kupanda mlima, na yule mtoto asiyelia akalia. Hapo mama akasema, "Kesho," akapuliza koroboi.

Binti yangu hakulala vizuri. Asubuhi kitanda kilikuwa kimelowa. Jioni yake alikataa kuingia kwenye bafu kwa sababu lilikuwa na maji, na kwenye maji, alisema, kuna watu. Nilimwogesha kwa kitambaa huku analia, nikampigia mama nikiwa bado na povu mikononi.

"Mama, unamtisha mtoto."

"Ni hadithi tu."

"Hadithi gani hiyo? Za zamani hizo hazifai tena. Watoto wa huku wanasimuliwa mambo mazuri. Msimulie sungura. Na kama ni lazima umalize hiyo, basi ipe mwisho mzuri."



"Mwisho mzuri," alirudia. "Haya, mama."

Kuanzia hapo akasimulia sungura. Sungura hana mwiko, kwa hiyo mama alikaa nje juani, mlango wazi, kuku wakipita nyuma yake kwenye picha ya simu. Hakuuliza tena kama mlango umefungwa. Alisimulia haraka haraka, kama mtu anayesoma tangazo la mazishi la ukoo mwingine. Baada ya wiki mbili hivi mtoto akaanza kuoga bila ugomvi, nami nikajipongeza. Nikasema, unaona, sungura amefanya kazi. Nilifurahi kabisa, na furaha hiyo ndiyo inayonikera leo kuliko hasira yangu ya siku ile.

Nilikuwa na mzee mmoja Westmead, bibi wa miaka zaidi ya tisini, kwenye nyumba ya matofali nyuma ya barabara ya hospitali. Wazee wake walitoka Ayalandi pande zote mbili. Alikuwa mkali, hakupenda kuguswa na maji ya vuguvugu, alitaka ya moto. Asubuhi moja, ili kumpoza, nilimwonyesha picha ya binti yangu kwenye simu. Shule yake ilikuwa na siku ya kuvaa mavazi ya hadithi mbele ya skrini, naye alivaa kama kichimbakazi wa vitabuni, na mbawa za wavu na fimbo yenye nyota.

Bibi akacheka kikavu. "Nani aliwapa mbawa?"

Akaniambia kuwa kwa nyanya yake vichimbakazi hawakuwa na mbawa wala nyota. Walikuwa na kimo cha watu. Walikaa vilimani na kando ya maji, na waliitwa "watu wema" kwa sababu waliogopwa, jina lao hasa halikutajwa. Nikasema hata kwetu hatuwataji. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nianze kumwogesha, akaendelea. Waliiba watoto, akasema. Waliacha mmoja wao mahali pake: mgonjwa, asiyekua, asiyesema. Basi watu walimweka huyo karibu na moto, au walimwacha nje usiku kucha, ili wenyewe waje wabadilishe tena.

"Na walikuja?" niliuliza.

Niliuliza kwa dhati, na yeye alinitazama kama mtu anavyomtazama mjinga. "Mwanangu, hakukuwa na wa kuja. Kulikuwa na mtoto mgonjwa na watu wenye hofu. Dada wa nyanya yangu alikuwa mmoja wa watoto hao. Hayo mengine yalisemwa baadaye, mama wa watu apate kulala. Mbawa ndizo za mwisho. Zimebandikwa na wasiotaka kujua."

Uji ukaungua. Nilisimama na taulo mkononi, na mambo ya utotoni yakaanza kujipanga yenyewe. Chemchemi ya bondeni ilikuwa hatua mia mbili kutoka nyumbani, lakini sisi tulichota ya juu, mwendo wa nusu saa, na tukilalamika mama alisema ya bondeni ni chungu. Kijiji kizima kiliinywa. Tena mimi ndiye kifungua mimba, lakini kulikuwa na kikongwe mmoja kanisani aliyezoea kumwambia mama, "Huyu wako wa pili amekua," na mimi nilidhani ni uzee, hajui kuhesabu.

Nikiwa nasubiri treni nilimpigia mama mdogo, mdogo wake mama, nikamuuliza kama kuna mtoto aliyenitangulia.

"Nani amekwambia?" aliuliza.

"Hadithi."

"Kabla yako alikuwepo mmoja. Mvulana. Kichwa kilikuwa kikubwa. Nyanya yako mzaa baba akasema si mtoto, akarudishwe. Mama yako alikuwa na miaka kumi na tisa, angebishana na nani? Alimpeleka jioni. Alfajiri akaenda peke yake, akarudi peke yake. Alichokikuta huko hajamwambia mtu. Hata mimi. Hata baba yako. Muulize wewe, pengine wewe atakwambia."

Nikamwambia nitamuuliza.

Sikumuuliza. Nilijiambia kuwa jambo kama hilo si la simu. Mipaka ikifunguliwa nitapanda ndege, nitakaa naye jikoni, nitafunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe, nitaziba chini yake kwa gunia. Nililipanga jambo hilo vizuri sana, hata nikajua nitavaa nini. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kila Jumapili nilimpigia nikamuuliza presha, barakoa, ng'ombe, tukaagana. Jumapili moja alisema mwenyewe, kama anayetafuta kitu kingine, "Ile hadithi ya chemchemi, mtoto bado anaiulizia?"

"Ameshasahau, Mama," nikamjibu.

"Na wewe?"

"Mimi? Mimi nina kazi, Mama, sina nafasi ya hadithi."

Alikuwa amebisha hodi, na mimi niliyekuwa ndani nikajifanya hakuna mtu. Nikitafuta saa moja katika maisha yangu ya kurudishiwa, siombi nyingine ila hiyo.

Mwezi wa tisa aliugua. Siku ya kwanza kikohozi, siku ya nne oksijeni, siku ya sita mama mdogo akanipigia analia tu, nikaelewa. Alizikwa kesho yake kwa masharti ya wakati ule, watu wachache, hakuna matanga. Nilimzika kwenye simu, nimekaa kitandani na binti yangu. Binamu ndiye aliyeshika simu, mtandao ukakwama majembe yakiwa hewani, na uliporudi shimo lilikuwa limejaa. Jirani Mrundi alipanda ngazi na chungu cha maharagwe, akaketi nami sakafuni, na kwa mara ya kwanza hakusema kwa sauti kubwa.

Mji ulifunguliwa mwezi uliofuata. Watu walipanga foleni kwa vinyozi, maduka ya Merrylands yakajaa tena, kila mtu akawa na la kusherehekea. Mimi nilikuwa na hadithi isiyo na mwisho, na aliyekuwa na mwisho wake nilikuwa nimemwambia anyamaze.

Jioni moja nilikuwa namwogesha binti yangu. Maji yalimfika kifuani, anacheza, na zile mbawa za wavu zilikuwa zimetundikwa nyuma ya mlango.

"Mum, Wenyewe wana mbawa?" aliuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake.

"Hawana."

"Ndivyo Nyanya alivyosema."

"Alisema lini?"

Akazama mpaka kidevuni. "Alipomaliza hadithi. Kwa simu ya mama wa chini, ulipokuwa kazini. Aliniambia nisikwambie, utakasirika."

Nilifunga bomba. Nikamwambia sitakasirika, anisimulie. Basi mtoto huyu, anayeniomba hata maji ya kunywa kwa Kiingereza, akanisimulia kwa Kiswahili kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa ndivyo alivyopewa.

"Yule mama alikuwa anapanda mlima. Mtoto akalia. Mama mkwe alisema usigeuke, lakini yeye akageuka. Akarudi mbio, kandambili moja tu. Hakungoja asubuhi. Akamkuta mtoto pale pale, ana baridi kidogo, akamfunga kwenye leso ile ya pindo jekundu. Akampeleka nyumbani, akamwambia mama mkwe, huyu ndiye wangu, huyu huyu. Mtoto akakua. Kichwa chake kikubwa tu, basi. Akapata na dada mdogo."

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye vigae, mikono ndani ya maji.

"Ni mwisho mzuri," nikasema.

"Yeah. Lakini Nyanya alilia." Alinitazama kama anayetaka nimsaidie hesabu ya shuleni. "Why, Mum? Kama ni mzuri, kwa nini alilia?"

Nikamuuliza swali moja tu, nikitumaini atasema mama alikuwa nje juani, na kuku, kama siku za sungura, kwamba ilikuwa hadithi ya kutunga tu.

"Nyanya alikuwa amekaa wapi?"

"Jikoni," alisema. "Kulikuwa na giza, na ile taa yake. Akaniuliza, mlango? Nikamwambia umefungwa."