Mteja Aliyeomba Maji ya Moto

Hunijui, kwa hiyo nianze na hili: nikimsuka mtu, njia moja ya kichwani ikapinda kwa upana wa uzi, nafumua. Nafumua hata kama mteja amesinzia, hata kama amesema inatosha, hata kama mgongo wangu unalia. Mtu mwenye ugonjwa wa namna hiyo hawezi kukutilia chumvi kwenye habari. Haya yalinipata mchana, nikiwa macho, sijanywa kitu zaidi ya chai. Mama Furaha, mwenye saluni, anasema nilisinzia nikaota. Mchungaji wake alisema ni roho ya woga. Sawa. Waje waniguse vidole, kisha waseme tena.

Saluni yetu iko Yeoville, mtaa uliojaa wahamiaji kama sisi, ghorofani, juu ya duka la simu. Kusuka sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa video, kwenye kichwa cha plastiki nilichonunua Fordsburg, ambacho nilikisuka na kukifumua mpaka kikaanza kutoka upara. Nadège, rafiki yangu ambaye kiti chake kilipakana na changu, alikuwa akinicheka mbele ya wateja: "Huyu anatesa mpaka maiti ya plastiki!"

Majira yale ya baridi nilikuwa nimepata kazi. Juu milimani, upande wa mpaka wa Lesotho, kuna hoteli ambako wenye pesa huenda kuteleza kwenye theluji. Walitaka msichana wa kusuka wageni na kuwakanda mabega kwa msimu mzima. Dalali mmoja, Mkongo mwenzetu, ndiye aliyetafuta watu, na gari lilikuwa linichukue Jumatatu alfajiri. Kwangu haikuwa kazi tu. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kunichagua mimi, bila cheti, kwa kuona mikono yangu. Nilikuwa nimeshawaambia wote. Kule nyumbani Uvira mama alikuwa ameshatoa shukrani kanisani.

Na nilikuwa na hofu. Nikikosea siku ya kwanza? Nikivaa vibaya? Wakinicheka Kiingereza changu? Nilifungua kwenye simu kila ukurasa unaoeleza pa kula, pa kulala na pa kupumzika kwenye hoteli ile. Picha za supu, picha za moto wa kuni, picha za watu waliojifunga mablanketi wanacheka. Nilizisoma mpaka nikaziota. Hazikunitosha. Mimi hakuna kinachonitosha.

Jumapili, siku moja kabla ya safari, Mama Furaha na Nadège walienda kanisani, na kanisa lao huwa halitoki mapema. Mimi nikabaki kufanya mazoezi kwenye kile kichwa changu chenye upara. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Aliingia mwanamke mrefu, mwembamba, amejifunga kitambaa kichwani, koti lake jepesi mno kwa baridi ile. Akaongea Kiswahili cha kwetu, cha Kivu, ambamo 'ndipo' huwa 'njo'.

"Mudogo wangu, unaweza nisuka leo? Minaenda safari."

"Wapi, yaya?" nikamwuliza, kama tunavyomwita dada mkubwa.

"Milimani. Kwa theluji."

Nikaruka. "Hoteli ile? Yaya, hata mimi naenda huko kesho! Nimepata kazi!"

Akanitazama kupitia kioo, muda mrefu kidogo. "Ah bon," akasema, yaani kumbe. "Basi unisuke vizuri. Safari hii minaenda kama mugeni."

Nilidhani anajivuna tu. Si unajua watu wetu wakipata pesa?

Nilipoweka kidole kichwani mwake nilishtuka. Sisemi baridi ya mtu aliyetoka nje. Nasema baridi ya nyama iliyotolewa kwenye friji la duka. Mafuta ya kupaka njia yaliganda kidoleni kwangu, nikawa nayasugua viganjani kama mtu anayeomba msamaha. Utaniuliza kwa nini sikuacha. Niamini, nami nimejiuliza. Jibu ni dogo na la aibu: alipajua mahali pale, na mimi nilitaka kujua kila kitu kabla sijafika. Nikaanza kumhoji.

"Pa kula ni wapi pazuri, yaya?"

"Kuna ukumbi wa mawe, ule mukubwa. Usiketi karibu na mlango, kila anayeingia anakuletea upepo wake. Keti kwa dirisha la mwisho. Unawaona vile banaanguka kwa mteremko, unacheka bure. Uombe supu ya shayiri, lakini usiwahi. Ya kwanza ni maji. Ngoja sufuria ifike katikati, njo utapata nyama."

"Na pa kulala?"

"Vyumba vya juu. Vya chini ni vya picha tu, bomba zake zinagandaka. Kile cha pembeni kabisa kina blanketi la sufu. Ulivute toka upande wa ukuta, kama sivyo linajikunja, linakutia aibu."

"Na kupumzika?"

"Nje kuna beseni kubwa la mbao. Maji yanafuka moshi, na theluji inakuangukia kichwani, wewe huna habari. Ingia asubuhi mapema. Jioni ni supu ya miguu ya watu."

Nikacheka mpaka nikaangusha kitana. Yeye hakucheka. "Unauliza kama mutu wa makaratasi ya uhamiaji," akaniambia. "Bado tu uniombe alama za vidole."

Nikaendelea kusuka. Njia zilinyooka kuliko siku zote. Hilo nalikumbuka kwa uchungu, kwamba kichwa bora nilichowahi kusuka ndicho kile. Jua lilihama kutoka dirishani. Na polepole, kama maji yanavyopenya kiatu, maneno yake yakaanza kuniingia. Mgeni gani anajua supu iko vipi sufuria ikifika katikati? Mgeni gani anajua blanketi hujikunja ukilivuta upande gani?

Nikatazama kioo. Chumba kilikuwa kimepoa kiasi kwamba nilipokuwa nikipumua mvuke ulinitoka mdomoni. Wake haukutoka. Alikuwa akiongea, na mbele ya mdomo wake hakukuwa na kitu.

Sikupiga kelele. Mikono yangu iliendelea kusuka, kwa sababu ndivyo ilivyozoea nikiogopa. Nikamwuliza, sauti ikiwa ndogo:

"Na wewe, yaya, ulikuwa unalala wapi?"

Akainamisha kichwa, msuko ukanivutika mkononi.

"Nyuma ya boila," akasema. "Lile tangi la kuchemsha maji ya wageni. Sisi wa kufua na kuosha vyombo tulikuwa na chumba nyuma yake. Hakikuwa na moto wake, lakini ukuta ulikuwa na joto. Tunaubandikia mgongo, tunalala kama watoto kwa mama yao." Akajivuta koti. "Kisha wakahamisha boila."

"Wakawaambia?"

"Nani akuambie? Wenzangu walikuwa wameshuka kwa mapumziko. Theluji ilianguka siku nzima. Nilitoka kazini nimechoka sana, nikabandika mgongo ukutani, nikasema, joto linakuja sasa hivi." Akaegemeza mgongo kwenye kiti. "Nikangoja."

Sasa nikueleze jambo moja la kazi yetu. Ukimaliza kusuka kwa nywele za kuongezea, unachovya ncha zake kwenye maji yanayochemka ili zisifumuke. Bila hivyo kazi haijaisha. Nilikuwa nimeshafunga msuko wa mwisho. Mlango ulikuwa hatua chache tu kutoka pale niliposimama, na akili yote iliniambia kimbia. Cheka ukitaka: sikuweza kukiacha kichwa hakijaisha. Nikawasha jiko la gesi, nikachemsha birika, nikamwekea taulo mgongoni, nikatia maji kwenye jagi na kuzitumbukiza ncha.

Akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Maji yakaacha kufuka papo hapo.

"Tia tena," akasema.

Nikatia. Yakapoa kabla sijaliweka birika chini.

"Tia tena, mudogo wangu. Tafadhali."

Nikachemsha mengine. Safari hii nililiona kwa macho yangu: ngozi nyembamba ya barafu ikijifunga kwenye jagi, kuanzia kwenye nywele kwenda ukingoni, ikilia kidogo kidogo kama kioo kinachopasuka. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuja kwa ajili ya nywele.

Akainua mikono, akaikamata yangu, akaibandika kwenye shingo yake, kwa nyuma.

"Ya kwako iko na moto," akasema. "Ikae hapo kidogo."

Je, ningeweza kuivuta? Sijui. Sikuivuta. Maumivu yalipanda kutoka ncha za vidole mpaka kwenye viwiko kama miiba, kisha yakaacha kuwa maumivu, ikawa hakuna kitu. Kwenye kioo niliona amefumba macho. Uso wake ulikuwa umelegea. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, pengine hakunizidi umri hata mimi.

"Ah," akasema. "Sasa njo minapumzika."

Nikasikia vicheko kwenye ngazi. Mama Furaha na Nadège walikuwa wanapanda, bado wanaimba wimbo wa kanisani. Walipofungua mlango mimi nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti kitupu kwa mikono miwili. Kiti kimelowa. Taulo limesimama lenyewe, gumu kama ubao. Mama Furaha aliligonga kwa ukucha, akalitupa kwenye beseni, akaniambia, "Binti yangu, umeacha dirisha wazi. Na gesi yangu je, umeimaliza kwa kuchemsha nini?"

Nikawaambia yote, nalia. Mama Furaha akaniombea, mkono kichwani. Nikampigia dalali simu mbele yao, nikamwambia siendi. Akanikoromea: "Unajua wangapi wanaitaka nafasi hiyo?" Sikujua wangapi. Nilimjua mmoja, kwa sababu aliinyakua simu mkononi mwangu kabla sijakata.

"Mwambie Nadège yuko tayari," akasema Nadège kwenye simu ile. "Hata sasa hivi."

Nilimshika nguo. Nilimwambia, nenda popote, lakini usilale kwenye chumba kile. Akanitoa mikono taratibu, kama unavyomtoa mtoto. "Eish, we naye! Sema tu unaogopa baridi. Mikono yenyewe ilivyokuwa ya barafu, ungemkanda nani?" Alfajiri akaondoka, na koti nililojinunulia Newtown kwa ajili ya safari ile akalivaa yeye, maana mimi nilikuwa silihitaji tena.

Alinitumia picha. Theluji, ukumbi wa mawe, supu. Kila mara nilimwuliza analala wapi. "Kuna kachumba, kako sawa." Nikamwuliza kama ukuta una joto. Akaacha kunijibu. Mama aliponipigia kutoka Uvira kuuliza kazi mpya inaendaje, nilimwambia theluji ni nyingi, nikakata simu.

Nami nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Kulikuwa na siku nilizotamani ukuta ule upoe. Kidogo tu. Aumwe kidogo tu, arudi akitetemeka, aseme mbele ya wote kwamba sikuota. Nilimtamania hivyo rafiki yangu. Utasema baridi haikuingia vidoleni tu, na sitabishana nawe.

Nadège alirudi mwisho wa msimu, amenenepa, ana simu mpya, hana hata mafua. Sikuulizwa na mtu kuhusu ukuta. Sasa ana viti viwili vyake mwenyewe, na siku wateja wakichoka kukaa huwasimulia habari ya shoga yake aliyekimbia kazi kwa kuogopa mzimu. Wanacheka sana. Huisimulia vizuri, lazima nikiri.

Vidole vyangu ni vyeupe kwenye ncha mpaka leo. Zahanati walivibonyeza, wakaniuliza kama nimewahi kufanya kazi kwenye maghala ya kugandisha nyama kule Midrand. Nikasema sijawahi. Wakaandika dawa ya kupaka, haikusaidia. Sisikii nywele. Naona njia inapinda, nafumua, naanza upya, inapinda tena, na mteja anatazama saa. Mama Furaha ana huruma. Ameniacha niwe wa kufua taulo na kuchemsha maji. Wasichana wanaosuka huniita nilete birika. Nalileta. Ukinimwagia maji yale mkononi sitajua mpaka nione malengelenge.

Kwa hiyo usiniulize kama nina uhakika. Labda boila lilirudishwa. Labda Nadège alipewa chumba kingine. Labda yule dada, akishapata joto langu, alienda mlimani kama alivyosema, akaketi kwenye dirisha la mwisho, na hana haja tena na mtu. Sijui. Ninachojua ni kwamba baridi ikianza tu, dalali yule hupita tena kwenye saluni zetu na picha zake kwenye simu, za supu na za moto wa kuni, na wasichana humzunguka.

Ukiwa mmoja wao, nenda, sikukatazi. Nani amewahi kunisikiliza? Lakini watakapokufungulia chumba chako, usitue begi kwanza. Weka kiganja ukutani. Ukiukuta ukuta una joto, uliza joto hilo ni la nani, na litaondoka lini.