Mama Fungua na Dereva Aliyejibu "Sijui"

Wenzake kazini walimwita Mama Fungua, na alipostaafu jina likamfuata hadi nyumbani. Ujana wake na utu uzima wake wote aliumalizia nyuma ya meza ndefu ya bati kwenye kituo cha forodha cha mpakani, akiwaambia wasafiri neno hilohilo moja: fungua. Alifunguliwa masanduku, viroba, mabegi ya wanafunzi, na safari moja mto wa mtoto mchanga ulioonekana umeshiba kupita kiasi. Hakuwa mtu wa kelele. Alikuangalia tu, kichwa amekiinamisha upande kidogo, mpaka mwenyewe ukaanza kueleza mambo ambayo hata hakukuuliza.

Sasa mtu anayedanganywa kutwa, tabia ya kushuku hairudishi kabatini pamoja na sare. Mlangoni akibishiwa hodi, alichungulia dirishani kwanza. Muuza maziwa alilazimika kuonja yeye kabla ya kuyamimina sufuriani. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akiwasimulia wageni kwamba siku ya harusi bibi harusi alimkagua mifuko. Wageni wakicheka, Mama Fungua alisema bila kutabasamu, "Ni kweli. Na sikukuta kitu."

Katika mizigo yote iliyopita mikononi mwake, mmoja ulimkaa moyoni: mablanketi mazito ya sufu, yenye harufu ya moshi na majani makavu, yaliyoshonwa pindo kwa uzi mwekundu. Yalitoka katika bonde moja huko milimani. Akiwauliza wenye nayo ni wapi hasa, walinyoosha mkono kuelekea ile milima iliyoonekana kwa mbali nyuma ya paa la kituo. Yeye akagonga muhuri, akafunga mzigo, akaita wa nyuma yake. Hakuwahi kwenda. Kwanza kazi, kisha watoto, kisha maradhi ya mume. Sasa mume amezikwa, watoto wana nyumba zao, na magoti yake yalikuwa bado yanamtii siku nyingi kuliko yanavyomwasi. Akakata kauli kwamba anakwenda.

Bintiye mkubwa, mfamasia, akaja mbio na pendekezo.

"Mama, kuna kampuni inasafirisha wastaafu. Basi zuri, lina kiyoyozi, mnakwenda kundi zima. Hata nesi wanaye."

"Na kofia je?"

"Kofia gani?"

"Nimewaona mimi. Wanavalishwa kofia za rangi moja, wakishuka wanahesabiwa kama watoto wa chekechea. Siendi huko. Nitatafuta gari langu, dereva wangu na mwongozaji wangu. Nikitaka kusimama nasimama, nikichoka nalala."

"Utamwamini nani, mama? Wewe hata muuza maziwa humwamini."

"Ndiyo maana ninafaa kwenda peke yangu."

Akaanza kuwapigia madereva simu. Kila mmoja alimtegea swali lilelile, kwa sauti ya kizee kidogo kuliko yake: "Eti baba, barabara ya kupanda bondeni siku hizi ni lami tupu, si ndiyo?" Alikuwa ameshaulizia, akajua kwamba lami inaishia chini ya mlima. Wa kwanza akamwambia lami inateleza kama kioo. Wa pili akasema lami, na taa za barabarani juu. Wa tatu alimwita malkia kabla hata hajasikia swali, na huyo hakuulizwa. Ndipo akampata mmoja mwenye sauti nzito, ya pole, aliyesema, "Sijui, mama. Mara ya mwisho ilikuwa vumbi. Ngoja niulize."

Alimpenda papo hapo, na papo hapo akamtilia shaka. Mtu wa biashara anayekiri hajui, anaficha nini?

Hata hivyo alimwita nyumbani. Alikuja mwanamume wa makamo, mfupi, shati limepigwa pasi, ameegesha gari dogo jeupe chini ya dirisha. Mama Fungua alikagua breki, akakagua mikanda, akakaa kiti cha nyuma na kujinesanesa. Binti, ambaye alikuja bila kualikwa, alipiga picha leseni ya dereva na kuandika namba yake ya simu. "Kwa usalama tu," alisema. Mama akaridhika, safari hii mwanawe alikuwa ametumia akili. Mwongozaji angewapokea hukohuko mlimani, mwanamke ambaye dereva alisema amefanya naye kazi mara nyingi. Hilo nalo Mama Fungua aliliweka moyoni: kumbe wanajuana.

Walianza safari asubuhi, na kabla ya kufika mji wa kwanza machale yalikwisha kumcheza. Kila waliposimama, iwe kujaza mafuta au kunyoosha miguu, dereva alijitenga na simu yake. Hakupiga simu mbele ya abiria hata mara moja. Alizunguka nyuma ya gari, au nyuma ya choo, au alijifanya anatazama tairi lisilo na shida. Akirudi, alikuwa mchangamfu kupita kiasi.

"Ulikuwa unaongea na nani?" aliuliza Mama Fungua waliponunua chai.

"Watu wa nyumbani tu, mama."

"Wanakupenda sana watu wa nyumbani kwako."

Dereva akacheka, akachoma ulimi kwa chai. Mama Fungua hakucheka. Kazini alikuwa amejifunza kwamba mwenye magendo hucheka mapema.

Kisha zikaja picha. Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara anatazama mashamba, akageuka ghafla, akamkuta dereva amemwelekezea simu. "Mandhari, mama," alisema dereva akiishusha haraka. Mandhari! Nyuma yake kulikuwa na pipa la takataka na mbuzi. Kutoka hapo alihamishia pochi yake kifuani, ndani ya nguo, na usiku kwenye nyumba ya wageni akaegemeza kiti mlangoni. Alikuwa na picha kamili kichwani: anapigwa picha, picha zinatumwa kwa wenzake dereva waliopo mbele, na huko milimani watamnyang'anya kila kitu mpaka meno ya bandia.

Mwongozaji alipowapokea, mambo yalizidi kuharibika. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye viatu vya mpira na sauti ya kuitia watu walio ng'ambo ya mto. "Karibu, bibi!" alinguruma.

"Bibi wa nani?" aliuliza Mama Fungua.

"Basi karibu, dada mkubwa," alisema mwongozaji bila kuona haya, akamchukua mkoba. Mama Fungua akamnyang'anya. Njiani aliona kwamba wale wawili wanasemezana kwa chini. Akisogea, wananyamaza. Akiuliza njia inaelekea wapi, mmoja anajibu na mwingine anatazama pembeni. Wamekula njama, alijiambia, na mimi ndiye niliyewapigia simu kwa kidole changu mwenyewe.

Bonde lenyewe lilikuwa nyuma ya mgongo wa mwisho wa mlima, na kabla ya kuufikia ilibidi kushuka kwa miguu hadi kijito, kisha kupanda tena hadi gari lilikozungukia. Mawe ya kijito yalikuwa na ukungu wa kijani. Mwongozaji alimnyooshea mkono. Mama Fungua, akiwaza juu ya pochi kifuani, akaukataa, akakanyaga jiwe lililoonekana kavu, na jiwe likamtoka chini ya mguu.

Alianguka vibaya, ubavu majini, kifundo cha mguu kimepinda. Dereva, aliyekuwa akisubiri juu na gari, alishuka ule mteremko kwa kasi ambayo hakuna aliyedhani anayo. Walimtoa wote wawili, mwongozaji akamfunga kifundo kwa kitambaa chake cha kichwani, dereva akambeba mgongoni hadi kwenye gari, akihema. Pochi ilikuwa pale pale kifuani. Hakuna aliyeigusa. Jambo hilo lilimsumbua Mama Fungua kuliko mguu, maana sasa hakujua tena awashuku kwa lipi.

Alilala katika nyumba ya wageni iliyokuwa karibu. Asubuhi mguu ulikuwa umevimba lakini unakanyagika. Alikuwa amekaa kwenye kibaraza cha nyuma, ukuta umemficha, akinywa uji, ndipo akasikia maji ya ndoo na sauti ya dereva anayeosha gari huku anaongea na simu.

"Ndiyo, dada... Amelala vizuri... Picha ya leo? Nitakutumia, dada, hapa mtandao unasumbua."

Mama Fungua akaweka kikombe chini taratibu. Akatega sikio.

"Hapana, hajaanguka. Aanguke wapi? ... Nakuapia, hata mkwaruzo hana. Mama yako ana miguu kama ya mbuzi."

Mama yako.

Damu ilimpanda usoni. Si majambazi basi. Ni mtoto aliyemzaa mwenyewe! Siku ile ya leseni binti aliichukua na namba ya simu, na yeye mama alisimama palepale akimsifu kwa akili. Akajikokota hadi pembeni ya ukuta, akanyoosha mkono.

"Nipe simu."

Dereva aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Simu ilikuwa imeshakatika. Akaitoa.

"Fungua."

Akafungua. Mama Fungua akajiona: anakula, anasinzia dirishani, amesimama na mbuzi na pipa la takataka. Chini ya kila picha bintiye ameuliza: amekunywa dawa? Anaonekana amechoka? Mbona amekunja uso?

"Toka lini?" aliuliza.

"Toka jioni ile nilipokuja kwako, mama. Alinipigia analia. Akasema baba yao alifariki wakiwa hawapo, na wewe huwaambii chochote mpaka kiwe kimekwisha. Akaniomba nimpe habari. Nami nina mama pia, sikuweza kukataa."

"Na mwongozaji?"

"Anajua. Ndiyo tulikuwa tunabishana. Yeye alitaka tukuambie."

Mama Fungua alimwinamishia kichwa upande, kwa jicho lile la meza ya bati. Kulikuwa na kitu kingine bado ndani ya mzigo huu, alikihisi.

"Kama ulikuwa jasusi wake, mbona leo umemdanganya?"

Dereva alikunja kitambaa cha kuoshea, akakikunjua.

"Mimi na dada tulikubaliana, mama, ukiumia hata kidogo nigeuze gari siku hiyohiyo. Jana nikiwa nimekubeba, uliniuliza bonde limebaki umbali gani. Mguu umevimba hivyo, unauliza bonde. Nikaona nikimwambia dada, nitakurudisha ukiwa umebakiza mgongo mmoja wa mlima. Nikashindwa."

Alisimama pale na ndoo, mtu aliyewadanganya mama na binti kwa zamu, na Mama Fungua hakuona usoni mwake kile alichozoea kukiona kwa wadanganyifu. Aliona uchovu, na aibu. Alitamani amkasirikie. Alijitahidi sana.

Badala yake alimpigia bintiye kwa simu ileile.

"Ehe, kaka, umepata mtandao?" binti alidakia.

"Si kaka. Ni mbuzi wako mwenyewe."

"Mama..."

"Nimeanguka jana. Kifundo kimevimba, hakijavunjika, wewe una dawa dukani utaniambia nipake nini. Na leo naendelea mbele. Ukitaka kulia, lia, nasubiri."

Binti alilia, kisha akakasirika, kisha akamwambia dawa ya kupaka. Alipotaka kugomba tena, mama akamkata.

"Mwanangu, ukinihofia, niulize mimi."

"Nikikuuliza unasema hujambo! Ulisema hujambo hata siku ile baba anapelekwa hospitali."

Ni kweli Mama Fungua alisema hivyo. Kwa sauti ambayo binti hakuizoea, akasema, "Basi nitakupigia kila jioni mwenyewe, na nikiwa na jambo nitasema nina jambo." Akarudisha simu kabla hajaongezewa masharti.

Wakaliingia bonde jua likiwa limechomoza vizuri. Halikuwa kubwa kama alivyolifikiria. Nyumba chache, moshi, kondoo wamejazana njiani hawataki kupisha, na kwenye kamba kila ua, mablanketi yale yaliyotundikwa yakauke, pindo zake nyekundu zikipigwa na upepo. Mwongozaji aliwaita wafumaji kwa ngurumo yake, na bibi mmoja asiye na meno akamvuta Mama Fungua mkono hadi kwenye kitanda cha kufumia. Safari hii alipotolewa mkono aliushika. Aliketi hapo mpaka mchana akijaribu kurusha uzi, akiharibu, akichekwa na watu wasiomfahamu, na mguu wake ukiwa juu ya kigoda.

Walipokuwa wanajiandaa kuteremka, alimgeukia dereva.

"Tumalizane kabisa. Kuna lingine umenificha?"

Dereva alitazama mlima, akatazama viatu vyake.

"Tairi la akiba, mama. Halina upepo. Niligundua jana."

Mama Fungua alifumba macho. Mwongozaji aliangua kicheko kilichotawanya kondoo. Pampu ilipatikana kwa mfumaji mmoja mwenye baiskeli, wakapokezana kujaza, na Mama Fungua akaketi kwenye jiwe akilibonyeza tairi kwa kidole gumba kila baada ya muda, akisema bado, endelea, bado.

Mwaka uliofuata alisafiri tena, kwenda kuona ziwa, na dereva alikuwa yuleyule. Majirani waliomuuliza kama sasa anamwamini, aliwaambia hapana. "Ila huyu," alisema, "walau nimeshajua anadanganya vipi."