Picha Isiyobakisha Kitu

Kila mnyama anayetoka kwenye kompyuta ya Arbia siku hizi ana upungufu. Mbuzi atakosa baka lake la shingoni. Ng'ombe atakuwa na masikio mazima ilhali mwenyewe amesema moja limekatwa. Wateja hulalamika, na mteja asipolalamika, hulalamika Hanad kwa niaba yake, dereva wa tuk-tuk anayeegesha kivulini nje ya duka lake, karibu na soko la mifugo la Garissa.

"Fundi gani wewe, unaharibu kazi yako mwenyewe?" Hanad huuliza.

"Imetosha hivyo."

"Mbuzi wa watu amekosa baka, wewe unasema imetosha. Siku moja utatoa ngamia bila shingo."

Arbia hacheki. Humrudishia mteja simu yake na kumwambia kwa sauti ya chini, "Hilo baka libaki nawe."

Dukani mwake hutoa nakala na kuchapa barua. Kompyuta yake ni kuukuu. Ukiifungulia programu za kuchorea, zile zenye vitufe na rangi, hukwama, na feni yake hulia kama nyenje. Kwa hiyo Arbia alijifunza njia nyingine: dirisha jeusi lisilo na kitufe hata kimoja, ambamo mtu huandika amri kwa vidole vyake. Huandika jina la programu, kisha maneno ya kuieleza picha anayoitaka, hubonyeza, hungoja. Picha huchorwa na mashine zilizo mbali, nayo huja kwa mtandao. Yanaingia maneno, inatoka sura.

Hanad alipoliona dirisha lile mara ya kwanza alirudi nyuma hatua. "Hapo ndipo unapoongea na majini?"

"Majini hawahitaji bando," Arbia alimjibu. "Mimi nahitaji."

Wafugaji walilipenda dirisha lile kuliko watu wote. Wachache wana picha za wanyama wao, lakini hakuna asiyeweza kumweleza mnyama wake, tangu ukucha hadi kope. Walikuja na maneno yao, wakatoka na picha ya kutuma kwenye makundi ya WhatsApp: huyu amepotea, atakayemwona apige simu hii.

Huku, mnyama aliyepotea hurudishwa kwa maneno. Anayemkuta humchunga pamoja na wake na kungoja. Anayekuja kumdai haonyeshwi mnyama kwanza, huulizwa. Ataje rangi, ataje chapa, ataje sikio. Ndiyo maana mwenye mali, anapotangaza msibani, sokoni au kisimani, hubakiza alama moja kifuani mwake, kwa ajili ya siku ya kuulizwa. Arbia aliijua desturi hiyo jinsi watu wa mjini wanavyoyajua malisho: kwa kusikia. Alizaliwa Garissa, akasoma Garissa. Maziwa yaliyomlea ndiyo yaliyotoka malishoni, kwa ngamia wa Bulle, kaka wa mama yake, aliyekuwa akiyatuma kutoka upande wa Bura kila mvua ilipokubali.

Ukame ulipokuja, ngamia wa Bulle walikwisha mmoja baada ya mwingine, akabaki na jike mmoja, Barwaqo, naye alikuwa na mimba. Kisha Barwaqo naye akapotea, katika zile siku za kuhama ambapo mifugo ya watu ilichanganyika kwenye vumbi.

Bulle alikuja dukani na fimbo yake, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyetaka kukichafua.

"Abti," alisema, "nimempoteza Barwaqo." Ndivyo wanavyoitana, mjomba na mpwa, kila mmoja ni abti kwa mwenzake.

"Niambie alivyo. Mimi nitaandika, mashine itachora."

Bulle alilitazama dirisha jeusi, kisha akaanza. Rangi yake ni ya mchanga wa laga, ule mto mkavu, siku ya pili baada ya mvua. Nundu yake imeinama kidogo kushoto, kama mtu anayesikiliza. Sikio la kulia lina mkato. Shingoni ana chapa ya ukoo, mstari na ndoano.

Picha ya kwanza ilileta ngamia mnene mwenye matandiko mekundu na vishada.

"Huyu amevaa kama bibi harusi," Bulle alisema. "Wangu ana njaa."

Arbia aliongeza maneno, akapunguza mengine, akabonyeza tena. Matandiko yakaondoka. Mbavu zikaonekana. Nundu ikainama upande wake. Kila mara Bulle alisogea karibu zaidi, hadi fimbo ikamponyoka bila yeye kujua.

"Anafanana naye," alisema mwishowe. "Lakini siye."

"Kimebaki nini?"

"Kuna kitu kimebaki. Hicho si cha kusema."

"Abti, huwaambii watu. Unaiambia mashine."

Mzee alitazama mlangoni. Hanad alikuwa amelala ndani ya tuk-tuk yake, miguu nje. Bulle akainamisha kichwa na kushusha sauti. Barwaqo alipokuwa ndama aliugua, naye alimtibu kwa chuma cha moto, ndani ya mguu wa mbele wa kushoto, nyuma ya goti. Kovu lilipopona, likaota manyoya meupe, nalo dogo, kama mwezi mchanga. Asiyemkamua hawezi kuliona.

Arbia aliandika neno kwa neno. Picha iliyokuja ilimwonyesha Barwaqo akiinua mguu wa kushoto kama anayeanza safari, na nyuma ya goti, mwezi mchanga.

"Subhanallah," alisema Bulle. Alinyoosha kidole bila kuigusa skrini. "Ndiye."

Hakuna kazi ambayo Arbia aliwahi kuionea fahari kama ile. Kabla ya adhana ya alasiri alikuwa ameituma kwenye makundi yote. Siri ya mzee haikumrudia akilini. Kwake, maneno yale yalikuwa yamekwisha kumezwa na mashine pamoja na mengine yote.

Siku chache baadaye mfanyabiashara mmoja wa Habaswein alipiga simu. Alikuwa ameiona picha, na ngamia kama yule alikuwa kwa Rage, mfugaji mwenye simu ndogo isiyopokea picha. Arbia alifunga duka, wakapanda gari na Bulle hadi Habaswein.

Rage aliwapokea vizuri, akawapa chai, akamwuliza Bulle maswali yake. Bulle alitaja rangi, nundu, sikio, chapa. Kadiri alivyotaja ndivyo uso wa Rage ulivyozidi kukunjamana.

"Na la mwisho?" Rage aliuliza.

"Mwezi mchanga, nyuma ya goti la mbele, kushoto."

Rage aliweka kikombe chini. "Mzee, kuna mtu alikuja jana. Alisema maneno haya haya. Hata hilo la mwisho. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?"

Bulle alifikiri. "Ningempa."

"Wallahi nilimpa. Alimpakia kwenye lori."

Arbia alitoa simu na kumwonyesha Rage picha. Rage aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwuliza Arbia, bila ukali, "Hii ilitumwa kwa nani?"

"Kwa watu wote," Arbia alisema.

Nje ya boma, mahali Barwaqo alipofungwa, kulikuwa na kinyesi ambacho hakijakauka bado. Bulle alisimama hapo, akatoa ule mwito wake wa kuita ngamia wakati wa kukamua, mrefu, unaopanda na kushuka. Ngamia wa Rage waliinua vichwa, kisha wakarudi kwenye majani yao.

Njia nzima ya kurudi Bulle hakumlaumu. Alisema mara moja tu, "Ulimchora vizuri, abti. Vizuri mno." Arbia aliligeuzia dirisha la gari uso.

Wazee waliulizia hadi Wajir. Jina alilolitoa mtu yule lilikuwa la uongo, na lori halikujulikana. Bulle sasa anachunga mbuzi. Maziwa hayaji tena kutoka Bura, na Hinda, mama yake Arbia, hunywa chai ya maziwa ya pakiti.

Picha yenyewe haikufutika. Arbia aliifuta kwake, lakini bado inatembea kutoka kundi hadi kundi, na watu wema bado wanapiga simu. Juzi alipiga mmoja wa Mandera.

"Dada, nimemwona ngamia wenu kisimani."

"Ana alama gani?"

Mtu yule alizitaja zote, kwa mpangilio, hadi mwezi mchanga.

"Umeziona kwake, au kwenye picha?"

"Ndiye yule yule, dada."

Arbia alitafuta swali jingine la kumwuliza. Lingetosha moja tu, la alama isiyo kwenye picha, na hakuna iliyobaki. Alimshukuru, akachukua namba yake.

Jioni Bulle alipiga, kama kawaida yake.

"Kuna aliyepiga?"

"Yupo, abti. Wa Mandera."

"Amesema nini?"

"Yaliyo kwenye picha."

Bulle akamwuliza kama mama yake ameshinda vizuri.