Nyanya Safi za Mama

Katika maabara ninakofanya kazi tunatafuta mabaki ya dawa za wadudu kwenye vyakula. Mashine yetu ya spektrometa hutambua kila dawa kwa uzito wa chembe zake, hata ikiwa kidogo namna gani. Lakini kabla ya kupima nyanya za watu, tunaanza na nyanya isiyo na dawa kabisa, ili tujue safi inaonekanaje. Nyanya kama hiyo ni adimu. Mimi nilikuwa nazo, za mama yangu kutoka Amukura. Kila nikienda nyumbani alinijazia mfuko, na kila mara majibu yalitoka safi. Nilijigamba nazo kazini utadhani nimezilima mimi.

Jumamosi moja Mama alikuwa kanisani, nikachuma mwenyewe, upande wa mtoni. Jumatatu mashine ikaonyesha dawa tatu. Wenzangu wakanitazama. Nikasema labda nilizichanganya na za dukani. Ulikuwa uongo, na uso uliniwaka.

Nilipompigia Mama simu, alicheka. "Ulichuma za mtoni? Wewe nawe! Hizo ni za soko. Zetu za kukula ziko nyuma ya jikoni, hizo sipigangi dawa."

Alisema hivyo bila wasiwasi, kama anayenielekeza chumvi iko wapi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Za soko ndizo zilizonisomesha, na tangu utotoni sikuwahi kuuliza kwa nini tulikuwa na mashamba mawili ya nyanya. Niliona haya, haya ya mtu mzima.

Wiki iliyofuata nilimfuata sokoni Busia, nimejipanga kumwambia akishapiga dawa asichume mpaka siku za kungoja dawa ipungue ziishe. Kabla sijafungua mdomo aliniachia meza, akaenda kutafuta chenji. Papo hapo akaja mama mmoja aliyevuka mpaka kutoka upande wa Uganda, mtoto mgongoni. Akachukua nyanya, akainusa.

"Dada, hizi ziko na dawa?"

Mbili kati ya zile dawa tatu huingia ndani ya nyanya yenyewe, hakuna maji yanayozitoa. Nalijua hilo kuliko mtu yeyote katika soko lile. Nikatazama alikoelekea Mama.

"Osha tu vizuri," nikamwambia, nikamchagulia zilizoiva.

Alinishukuru. Akafungua chupa yake ya maji, akaosha moja palepale mbele yangu, akaisugua vizuri kama nilivyomwambia, akampa mtoto.