Maji Wenyeji

Mtaa mzima wa Gerezani, Dar es Salaam, hapakuwa na mtu aliyejua kuyatunza maji kama Bi Sitara binti Abbasi, na mwenyewe hakuona haya kulisema. Wenzake walijisifia pilau, wengine khanga. Yeye alijisifia mtungi. Ulikaa kwenye pembe ya giza ya ukumbi wake, umefukiwa nusu kwenye mchanga mbichi, umefunikwa kawa, na juu ya kawa kata ya kifuu. Watu waliotoka sokoni Kariakoo jua limewachoma walikata kona makusudi wapite kwake. Walikunywa, wakashusha pumzi, wakasema, "Maji ya Bi Sitara, bwana!" Naye alijifanya hakusikia, muongo mkubwa.

Utaalamu wenyewe haukuwa na makuu. Asumini chache zilizochumwa jioni, na jambo moja alilolipokea kwa mama yake, aliyelipokea kwa mama yake naye: mtungi haukaushwi. Maji mapya ni mgeni, walisema, na mgeni hafikii nyumba tupu. Kila unapojaza, bakisha chini maji ya zamani yawapokee wenzao. Hayo waliyaita maji wenyeji. Na mtungi ukikauka ndani ya nyumba yenye mja mzito, mimba hiyo haifiki salama.

Nyumba ilikuwa na mja mzito. Zamda, mtoto wake wa pekee, alirudi kwao kujifungua mimba ya kwanza kama ilivyo ada. Mumewe Seifu, mfanyakazi wa reli Morogoro, hakupenda. Ilikuwa masika ya mwaka wa sabini na nane, na habari za kipindupindu zilikuwa zimeshafika bara. Alimleta mkewe kwa treni, akasimama ukumbini na kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbona umekunja uso?"

"Naogopa maji ya huku, mama. Watu wanakufa."

"Maji gani? Ya bombani hata ukiyaogopa, yenyewe hayatoki. Ya mtungi wangu je? Nenda kazini kwako, mwanangu. Mkeo na mwanao ni juu yangu."

Seifu akacheka, akanywa kata nzima, akarudi stesheni moyo umetulia.

Kuhusu bomba alisema kweli. Bomba la mtaa lilikuwa linakohoa hewa tu, na watu wa nyumba ile walichota kwenye kisima cha uani, kando ya choo. Mvua zilipozidi choo kikafurika, uani ukawa dimbwi moja, na kisima kikiwa katikati yake. Wapo wanaosema watu wa mitaa ile hawakujua. Walijua bwana, walikuwa na macho. Lakini wangechota wapi? Kila mkubwa aliyepita na gari aliliona lile bomba kavu, akaenda zake.

Asubuhi moja Bi Sitara aliujaza mtungi wake maji ya kisima, kama siku zote. Jioni yake akapita Mrisho, balozi wa nyumba kumi, akipaza sauti mlango kwa mlango: maji ya kunywa yachemshwe, amri ya serikali, na atakayeonekana anauza juisi ya barafu atakamatwa. Watu wakaguna. Wachemshe kwa mkaa gani, na foleni ya mkaa wanaijua?

Bi Sitara hakuguna. Alisimama foleni, na mkaa ulipokwisha akavunja kitanda cha zamani akakichoma. Alichemsha maji mpaka yakatokota na kurukaruka, akayaacha yapoe, maana ya moto yangeupasua mtungi. Kisha akayamimina mtungini, juu ya maji wenyeji, akatia asumini. Kuumwaga mtungi ubaki mkavu hakukumpitia hata akilini. Angethubutuje, na Zamda amelala chumba cha pili na tumbo lake?

Mpangaji wao Josepha, Mngoni aliyeolewa na fundi wa gereji, alichemsha maji akayanywa vilevile kutoka kwenye sufuria, yananuka moshi. Bi Sitara alimwonea huruma kabisa.

"Utakunywaje maji yaliyokufa, mwenzangu? Njoo uchote kwangu."

"Ahsante, dada. Haya nimeshayazoea."

Zamda aliugua siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Kwanza walidhani ni uchungu. Kisha tumbo likamwendesha, yakamtoka maji meupe kama ya kuoshea mchele, na hayakusimama. Mpaka gari la afya linafika, macho yake yalikuwa yamezama na sauti imekauka. Alikuwa anaomba maji. Mama yake akampa, kata baada ya kata, huku amemkumbatia kichwa. "Kunywa, mwanangu," alimwambia. "Haya ni safi."

Kwenye kambi ya kipindupindu walikompeleka Zamda hawakumruhusu mama yake kuingia. Alikaa nje ya waya na buibui lake, na Jumamosi mchana akaitwa kuambiwa kwamba Zamda amefariki na mtoto tumboni. Maiti haikurudi nyumbani. Watu wa afya walizika wenyewe, na Bi Sitara hakuuona uso wa mwanawe.

Matanga yalipokuwa hayajaanuliwa, akaja nesi mmoja, Candida, kutia dawa kisimani na kukagua vyombo. Seifu alikuwa ameshafika, amekaa barazani na Mzee Sadalla, mume wa Bi Sitara. Ndani nesi alisema taratibu, "Pole sana, mama. Maji ya kunywa mlichemsha?"

"Nilichemsha mimi mwenyewe. Muulize yeyote."

"Nimeambiwa. Mliyaweka wapi?"

Bi Sitara akamwonyesha. Candida akaondoa kawa, akamulika tochi ndani.

"Kabla ya kumimina yaliyochemshwa, uliumwaga ukauosha?"

"Huu haumwagwi. Nabakisha ya chini."

"Ya chini yalikuwa ya wapi, mama?"

Bi Sitara akageuka kuutazama mlango wa uani, kilipo kisima. Candida akarudisha kawa mahali pake. Hakumlaumu, na afadhali angemlaumu.

Angeweza kunyamaza. Wanawake wa matanga walikuwa wameshasema ni kazi ya Mungu, na nesi asingekwenda kumsema kwa mtu. Lakini Bi Sitara hakuweza kuketi chini ya dari moja na Seifu huku analijua jambo lile. Akatoka barazani, akasimama mbele yake.

"Mwanangu, Zamda amekufa kwa maji yangu. Nilimimina yaliyochemshwa juu ya maji ya kisima. Ni mimi."

"Usiseme hivyo, mke wangu," Mzee Sadalla akamdaka mkono. "Siku zake zilifika."

Seifu alimtazama mwanamke aliyesema mkewe na mwanawe ni juu yake. Kisha akaingia ndani, akatoka na mfuko wake, akampa mzee mkono.

"Kwaheri, baba."

Akamgeukia mkwewe. "Kwaheri, Bi Sitara."

Akashuka barazani kuelekea stesheni, na hata arobaini hakuja. Hapakuwa na mtu mwingine aliyebaki wa kumwita mama.